Mashairi Yaliyomo Ndani ya Mashariki

Chukua neno mashariki, likate herufi moja moja, uzitawanye mezani. Zipo tisa: M, A, S, H, A, R, I, K, I. Iondoe K, zipange upya nane zilizobaki, na utapata mashairi. Endelea kupunguza: shairi, ishara, mahari, rahisi, hisia, imara, simika, makasi, mkasi, kisha, haki, amri, rika, ari. Na bado hujamaliza.

Mchezo huu umezoeleka shuleni na magazetini, ila hauna jina moja. Mwalimu huuandika kwa sentensi nzima: unda maneno mengi uwezavyo kutokana na herufi za neno hili. Mhariri wa ukurasa wa burudani huuita chemshabongo, jina ambalo hulipa pia fumbo la hesabu, jedwali la kujaza maneno na swali la mji mkuu wa Mongolia. Kwa mazungumzo ya kawaida hiyo inatosha. Lakini mtu akitaka kuandika kanuni za mashindano, au kutengeneza programu ya simu ya kuuchezea kwa Kiswahili, atakwama mapema. Anahitaji jina la neno refu, jina la yale mafupi, na kitenzi cha kazi yenyewe.

Kitenzi kinachowahi kinywani ni kunyambua, nacho kinapotosha. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili mnyambuliko ni habari ya vitenzi: pika, pikia, pikwa, pikika, pikisha. Mzizi haubanduki, viambishi ndivyo vinavyobadilika, na maana mpya huwa na undugu na ile ya kwanza. Mahari haina undugu wowote na mashariki. Yamekutana kwa bahati ya herufi tu. Uundaji wa maneno nao una wenyewe. Wanaisimu huutumia kwa njia zinazoipatia lugha msamiati mpya, kama tarakimu ilivyofungamanishwa na akili ikazaliwa tarakilishi. Dondoo limeshachukuliwa na watu wa fasihi, na uchambuzi umechukuliwa na kila mtu.

Liko neno la kimataifa, anagramu, lililotoka Kigiriki na ambalo ndani yake mna gramma, yaani herufi. Halina ubaya, ila halitufai hapa, kwa sababu anagramu hutaka herufi zote zitumike bila kuacha hata moja. Samaki ikigeuzwa kuwa makasi, hiyo ni anagramu kamili: S moja, M moja, K moja, I moja, A mbili, huku na huku. Ulaya ya karne ya 17 sanaa hii ilikuwa silaha ya wanasayansi waliotaka kujiwekea haki ya ugunduzi bila kuufichua. Mwaka 1610 Galileo alituma mfululizo wa herufi 37 uliofika kwa Kepler. Ndani yake alikuwa ameficha taarifa kwamba sayari ya Zohali imeonekana kama vitu vitatu vilivyoshikana. Kepler alihangaika nazo, akapata sentensi ya Kilatini iliyosema habari za Mirihi na wenzake wawili. Herufi zilikuwa zilezile, sayari siyo. Mwaka 1676 Robert Hooke naye alichapa herufi 14 zilizopangwa kialfabeti, na miaka miwili baadaye akazifumbua: zilikuwa kanuni ya springi, kwamba mvutiko hulingana na nguvu inayovuta.

Mtindo huo wa Hooke ndio unaotumika hadi leo ndani ya programu za kompyuta. Mashariki hugeuzwa kuwa aahiikmrs na mashairi kuwa aahiimrs. Mashine hulinganisha hesabu ya kila herufi, na kama neno fupi halikuzidi popote, linapita. Maneno mawili yakitoa mfuatano uleule, basi ni anagramu.

Kwa Kiswahili hiyo anagramu ningeiita mpanguo. Msomaji wa magazeti anaijua pangua. Rais anapopangua baraza la mawaziri, watu huwa walewale wamebadilishana viti tu. Na ile kazi ya kuchukua baadhi ya herufi na kuziacha nyingine ningeiita kuchopoa, zao lake mchopoo, wingi michopoo. Najua pingamizi litakalokuja. Aliyewahi kubanwa katikati ya watu Kariakoo akisikia chopoa hushika mfuko wake. Na ashike. Kuchopoa ni kutoa kitu kimoja kilichobanwa kati ya vingine huku vingine vikibaki, na hivyo ndivyo mahari inavyotoka ndani ya mashariki. Kijineno ningekikwepa kwa sababu Kiswahili kinapoongeza kiji- mara nyingi kinatia dharau, na vijineno kwa wengi ni maneno ya chini chini ya majirani. Neno refu liitwe neno mama. Tayari watu wanasema lugha mama na kampuni mama.

Kuna jamaa wa tatu ambaye huchanganywa na hao wawili, naye ni neno lililokaa zima ndani ya jingine bila kupanguliwa. Mashariki ina shari katikati yake, imekaa kwa utaratibu wake kama ilivyo. Huyo hahitaji jina gumu. Neno la ndani linatosha.

Sasa linakuja suala zito zaidi, nalo ni kipimo. Tumekuwa tukikata herufi kwa sababu mchezo wenyewe, kwa sura yake ya sasa, umeletwa na lugha zinazokata herufi. Scrabble, mchezo uliobuniwa Marekani na msanifu majengo Alfred Butts katika miaka ya 1930, ulitokana na kuhesabu ni mara ngapi kila herufi inajitokeza katika maandishi ya Kiingereza. Ndiyo maana toleo la Kiingereza lina kigae kimoja tu cha K, chenye alama 5, na kimoja cha Z, chenye alama 10, ilhali E ziko 12. Mpe vigae hivyo Mswahili ambaye hawezi kusema sentensi tatu bila ku-, ki- au -ka-. Atakwama kwa uhaba wa K, na Q na X atabaki nazo mkononi, kwani alfabeti yake haina herufi hizo.

Lugha yetu hujengwa kwa silabi, na karibu kila silabi huishia kwenye vokali. Mtoto hafundishwi kusoma kwa B peke yake. Anafundishwa ba, be, bi, bo, bu. Babu yake aliyesoma chuoni kwa hati ya Kiarabu alifuata njia hiyohiyo, kwani katika hati ile vokali fupi hazina herufi zake: hukaa juu au chini ya konsonanti kama alama, na konsonanti na alama yake husomwa kwa pumzi moja. Hata tunapofupisha majina tunakata kwa silabi. Baraza la Kiswahili la Taifa halikuwa BKT, likawa BAKITA. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ikawa TATAKI. Upungufu wa Kinga Mwilini ukawa UKIMWI, na Chama cha Demokrasia na Maendeleo kikawa CHADEMA. CCM ni kighairi, na huko imebidi tuzisome herufi moja moja.

Rudi kwenye samaki tuone tofauti. Kwa herufi, samaki ina herufi sita, A zikiwa mbili, hivyo kuna mipangilio 360. Mingi yake haitamkiki. Hakuna Mswahili atakayepoteza muda na smkaia. Kwa silabi, sa-ma-ki ina mipangilio sita tu, na yote inatamkika: samaki, sakima, masaki, makisa, kisama, kimasa. Miwili ina maana, samaki na Masaki, ile mitaa ya Dar es Salaam iliyo kando ya bahari, ingawa jina la mahali kwa kawaida halikubaliwi mashindanoni. Na angalia jambo moja: makasi, tuliyoisifu kuwa anagramu kamili, haimo kabisa katika orodha hii, kwa sababu silabi zake ni ma-ka-si na samaki haina ka wala si. Sheria ya herufi na sheria ya silabi hutoa michezo miwili tofauti.

Michopoo ya silabi ni michache, lakini humpa mchezaji raha nyingine. Ndani ya ma-sha-ri-ki mna shari, kisha, kima na maki, yaani unene wa kitu kama ubao. Kima na maki ni silabi zilezile zimegeuziana mgongo, kama lima na mali, kata na taka, kazi na zika. Watu wa pwani waliujua mgeuzo huu muda mrefu kabla ya ukurasa wowote wa chemshabongo. Ndio uliozaa kinyume, usemi wa kuficha siri ambamo silabi ya mwisho hutangulizwa, nyumba ikawa mbanyu. Askofu Edward Steere wa Zanzibar aliuweka kwenye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili katika karne ya 19. Kwa hiyo tunapotafuta istilahi ya mpanguo wa silabi hatuna haja ya kwenda mbali: kinyume kipo, na kina umri.

Nje kidogo ya pwani yetu, jambo hili lilishawahi kufanywa kwa ukubwa wa kutisha. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni mwenye asili ya Oman aliyeishi Basra katika karne ya 8, ndiye aliyeweka misingi ya arudhi ya Kiarabu. Huyohuyo alianzisha Kitab al-Ayn, kamusi iliyopangwa kwa mipanguo. Alichukua mzizi wenye herufi tatu, akazizungusha kwa njia zake zote sita, akaandika pamoja ile ambayo Waarabu wanaitumia na kuitaja ile waliyoiacha. Herufi mbili hutoa mipangilio 2, tatu 6, nne 24, tano 120. Ile sita ya samaki ni hesabu yake hasa, na hata sisi tumefanya kazi yake: samaki inatumika, kimasa imeachwa.

Ukiamua kubaki na herufi, na wengi watabaki nazo kwa sababu michopoo yake ni mingi, bado kuna mlima. SH ni herufi moja au mbili? Katika mashariki, S na H ni sauti moja. Ukizitenganisha unapata rahisi, mahari, hisia, haki na makasi. Ukizifunga pamoja kwenye kigae kimoja, hizo zote zinakufa. Zinabaki shairi, mashairi, ishara, kisha, shika, na zile zisizohitaji S wala H kama imara na rika. Hali ni hiyo kwa CH, DH, GH, NY na TH. CH ndiyo iliyo wazi kuliko zote, kwa sababu C peke yake haina kazi katika Kiswahili Sanifu. Atakayeitenga na H atapata kigae kisichoweza kuingia popote. Kinyang'anyiro inatuletea swali la ritifaa: je, anayechopoa kutoka humo anaruhusiwa kuandika ng'a, au nga, au vyote viwili? Kwa maoni yangu SH, CH na wenzake wawe kigae kimoja kimoja, na NG' iwe kigae chake mbali na N na G. Orodha zitapungua, lakini kila kigae kitakuwa sauti ambayo mtoto anaitamka.

Mwisho ni swali la nini kihesabiwe kuwa neno. Kiingereza hapo hakina shida kubwa. Kiswahili kinaweza kubana sentensi nzima ndani ya neno moja: nitakupikia ni neno, na pia ni mtu, wakati, mtendewa na kitendo. Ukiruhusu vitenzi vilivyoambishwa, mashariki itatoa aishi, ahisi, ashika, na mchezaji mjanja ataambisha a- mpaka kesho. Kanuni iliyo rahisi kusimamia ni kidahizo: neno liwe limeingizwa katika kamusi kama lilivyo. Vitenzi vitaingia kwa umbo la shika na simika. Nomino za wingi ndizo zinazoleta ubishi, maana mashairi haina kidahizo chake. Hupatikana chini ya shairi. Mimi ningeruhusu wingi, maana bila hivyo ule mchopoo mzuri kuliko yote unatupwa.

Basi kwako mwalimu unayetunga zoezi la darasa la nne, na kwako mhariri wa ukurasa wa mafumbo: kabla ya kuandika neno mama, andika juu yake kama tunakata herufi au silabi, kama SH ni moja au mbili, na kama wingi unakubaliwa. Mistari mitatu inatosha, na mwanafunzi aliyeandika rahisi hatakosa alama kwa kanuni ambayo hakuambiwa.