Namugongo: Mtihani wa Moto na Mtihani wa Ushindi

Ndugu msikilizaji, wahenga walituusia kwamba mwenye nguvu mpishe. Ni usia wa busara, kwani umewaepusha wanyonge wengi na balaa. Lakini ipo siku ambayo mwenye nguvu hatosheki na kupishwa njia. Anataka na moyo wa mtu uwe wake. Juma hili tuzungumze habari za vijana wa ikulu ya Buganda waliofikiwa na siku hiyo.

Wengi wetu tukisikia jina la Namugongo tunakumbuka mashahidi Wakristo. Hata hivyo, kabla yao walitangulia Waislamu. Dini ya Kiislamu ilifika Buganda pamoja na wafanyabiashara waliotoka Zanzibar na pwani katika miaka ya 1840. Kabaka Mutesa wa Kwanza aliipokea, akafunga Ramadhani tangu mwaka 1867, na akawataka watu wake waswali. Yeye mwenyewe, hata hivyo, hakukubali kutahiriwa. Mwaka 1876 vijana wake waliosilimu walikataa kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa, wakakataa pia kuswali nyuma ya Kabaka. Kabaka aliona amedharauliwa mbele ya watu. Vijana wapatao 70 wakachomwa moto Namugongo.

Mwaka uliofuata wakafika wamisionari Waanglikana, na mwaka 1879 wakafika mapadre Wakatoliki. Katika siku hizo za mwanzo Kiswahili kilitumika sana kufundishia, kwa kuwa kilikwisha kujulikana ikulu kwa ajili ya biashara. Wanafunzi wakaitwa wasomaji.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga, aliyekuwa bado kijana. Mwanga alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu: Wazungu walikuwa wakigawana Afrika, na Wajerumani walikwisha kuweka mguu Tanganyika. Aliona wasomaji wana bwana mwingine kuliko yeye. Tarehe 31 Januari 1885 wasomaji watatu Waanglikana waliuawa Busega. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa huko Busoga. Joseph Mukasa Balikuddembe, mkubwa katika watumishi wa ikulu, alithubutu kumwambia Kabaka kwamba si haki kumwua mgeni namna ile. Tarehe 15 Novemba aliuawa yeye.

Mambo yalifikia kilele Mei 1886. Mwanga aliwataka vijana kimwili, nao wakakataa kwa kuwa dini yao iliwakataza. Aliwaita mbele yake, akaamuru wanaosali wajitenge upande mmoja. Charles Lwanga, aliyekuwa kiongozi wao, alijitenga wa kwanza. Wengine wakamfuata, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Miongoni mwao alikuwamo Mbaga Tuzinde, kijana aliyelelewa katika nyumba ya Mukajanga, mkuu wa wauaji. Mukajanga alimsihi aseme tu kwamba ameacha kusali. Kijana alikataa. Mwisho mlezi wake aliamuru apigwe rungu la shingo kwanza, ili moto usimkute hai. Wengi wao walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kwa jumla, kati ya mwaka 1885 na 1887, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 waliuawa.

Hebu tujiulize: vijana hawa walikuwa waasi? Hapana. Walimtumikia Kabaka usiku na mchana, walibeba silaha zake na kulinda milango yake. Walimtii katika mambo yote isipokuwa moja, na hilo moja waliliona kuwa ni haki ya Mungu. Hawakuchoma nyumba ya mtu wala hawakuinua mkuki.

Sasa, ndugu msikilizaji, tusiishie hapo, maana historia haikuishia hapo. Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumwondoa Mwanga. Baada ya majuma machache Waislamu wakawafukuza Wakristo. Mwanga alikimbilia kusini mwa ziwa, na huko Bukumbi, karibu na Mwanza, wamisionari Wakatoliki wakampa hifadhi. Mtu aliyewachoma waumini wao alikula kwao! Mwaka 1889 Wakristo wakamsaidia kurudi katika kiti chake. Hilo lilikuwa jambo kubwa, ingawa siasa nayo ilikuwamo.

Lakini tarehe 24 Januari 1892, pale Mengo, Wakatoliki na Waanglikana walipigana wao kwa wao wakigombea nchi, na bunduki za Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza zikawapa Waanglikana ushindi. Haikutimia hata miaka sita tangu ndugu zao wa madhehebu yote mawili walipokufa katika moto mmoja. Buganda ilipogawanyika, mgeni akapata nafasi ya kuitawala. Mwanga naye alipelekwa uhamishoni mwaka 1899, akafia Shelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa kwa jina la Danieli.

Funzo ni nini? Kuna mitihani miwili. Wa kwanza ni kumshika Mungu unapoonewa, na huo vijana wa Namugongo waliushinda, Waislamu kwa Wakristo. Wa pili ni kumshika Mungu siku rungu linapokuwa mkononi mwako wewe, na huo wengi waliobaki hai waliushindwa. Anayeonewa leo kazini, nyumbani au kijijini kwa ajili ya imani yake anastahili kutiwa moyo avumilie. Lakini akumbuke kwamba subira yake itapimwa tena siku atakayopata nafuu na cheo, na aliyemwonea akawa chini yake. Siku hiyo asije akasahau kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.