Kikopo cha vyuma vya cherehani ya zamani: jinsi ya kupata mshono wa robo inchi usioyumba

Kila tunapozungumza hewani kuhusu ushonaji, kuna swali linalojirudia kwenye ujumbe wa wasikilizaji: "Nimerithi cherehani ya bibi, na kwenye droo nimekuta kikopo cha vyuma vidogo. Ni vya nini?" Wengine hutuambia kikopo hicho wameshampa mnunuzi wa vyuma chakavu, kikapimwa kwa kilo pamoja na sufuria iliyotoboka.

Makala hii inaeleza vyuma viwili kati ya hivyo, ambavyo ni msaada mkubwa kwa anayeshona mfarishi wa viraka, yaani lile tandiko la vipande vya vitambaa lenye tabaka la pamba au sponji nyembamba katikati. Kina mama wengi vijijini wanatumia mabaki ya vitenge na khanga kushona matandiko ya namna hii, ya nyumbani na ya kuuza. Kinachorudisha kazi nyuma mara nyingi si rangi wala kitambaa. Ni mishono kupishana.

Kwa nini robo inchi ina uzito

Kazi ya viraka kwa kawaida hushonwa kwa kuacha robo inchi ya kitambaa kutoka kwenye mshono hadi ukingoni. Robo inchi ni milimita 6 na kidogo. Ukikosea milimita 1 tu, unaweza kudhani hakuna atakayeona. Tufanye hesabu.

Chukua vipande 10 vya mraba, kila kimoja umekata inchi 2 na nusu. Ukiviunganisha kwenye mstari mmoja kwa robo inchi, utapata mstari wa inchi 20 na nusu. Mstari huo una mishono 9. Ukiacha milimita 1 zaidi, kila mshono unakula milimita 2, kwa sababu kitambaa kinapungua kwenye vipande vyote viwili. Mishono 9 mara milimita 2 ni milimita 18. Mstari wako umepungua karibu sentimita 2.

Sasa fikiria kikundi cha wanawake watano, kila mmoja anashona mistari yake nyumbani, kisha wanakutana Jumamosi kuiunganisha. Mmoja ameshona kwa robo inchi kamili, mwingine amezidisha kidogo, wa tatu amepunguza. Mistari haiwezi kulingana. Utavuta huku, utakunja kule, na mfarishi utakwenda upande. Kufumua ni kupoteza siku, na kitambaa kilichofumuliwa mara mbili huanza kuchanika kingo.

Kwa hiyo la kwanza ni mshono wa watu wote kuwa sawa. La pili ni kuwa robo inchi kweli. Jicho peke yake haliwezi kulinda hayo mawili kwa saa nzima ya kushona. Chuma kilichofungwa kwa skrubu kinaweza.

Cherehani zinazofaa

Cherehani nyeusi za Singer zilienea duniani kote. Kiwanda chake kikubwa cha Clydebank, Uskoti, kilifunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980, na mashine nyingi zilizofika katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza zilitoka huko. Toleo moja, Singer 15, liliigwa sana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Japani vilitengeneza mashine za umbo hilo kwa wingi, na za China nazo zikafuata, zikiwamo za Butterfly ambazo mafundi wetu wengi wanakanyaga hadi leo.

Faida kwako ni hii: miguu na vyuma vingi vya Singer ya zamani vinaweza kufungwa kwenye Butterfly yako, kwa sababu fimbo ya kufungia mguu ina urefu uleule. Kuhakikisha, shusha mguu wa cherehani, kisha pima kutoka kwenye bamba chini hadi katikati ya skrubu inayoushika mguu. Ikiwa ni karibu nusu inchi, una mashine ya fimbo fupi, na vyuma vingi vya kwenye kikopo vitaingia. Ikiwa ni inchi nzima au zaidi, usilazimishe.

Mashine hizi zinazoshona mshono ulionyooka tu zina uzuri mwingine. Tundu la sindano kwenye bamba ni dogo na la duara, hivyo halimezi ncha ya kipande kidogo unapoanza kushona.

Kilichomo kwenye kikopo

Singer iliuza mashine zake pamoja na vifaa vya ziada. Baadhi vilikuja ndani ya kisanduku cha mbao kinachofunguka na kulala bapa, chenye tarehe ya hataza ya 19 Februari 1889. Vingine vilikuja kwenye boksi la karatasi au kikopo cha bati. Vyuma vingi halisi vimechapwa neno SIMANCO, ufupisho wa jina la kampuni hiyo kwa Kiingereza, pamoja na namba.

Utakuta vya kukunja pindo, cha kutia marinda, cha kushonea utepe wa pembeni. Viweke kando kwa leo. Tafuta hivi viwili:

Kielekezi cha mshono. Ni kipande kidogo cha chuma bapa chenye mwanya mrefu katikati na ukingo mmoja ulionyooka. Huja na skrubu yake ya kuzungusha kwa vidole. Cha Singer kinachojulikana sana kina namba 25527. Hakifungwi kwenye mguu. Kinafungwa kwenye kitanda cha mashine, kulia kwa sindano.

Mguu wenye fimbo. Huu ni mguu mfupi ulio wazi mbele, na umechomekwa fimbo nyembamba iliyopinda kuelekea chini. Fimbo hiyo inaweza kuvutwa karibu au mbali na sindano.

Vikiwa na kutu, vilaze kwenye mafuta ya taa, vifute kwa kitambaa, kisha upake tone la mafuta ya cherehani. Usitumie mafuta ya kupikia kwenye chuma chochote cha mashine. Yakikaa hugeuka gundi.

Kufunga kielekezi cha mshono

Ondoa miguu yako kwenye pedeli kabla ya kuanza, sindano isije ikashuka kwenye kidole.

1. Tazama kitanda cha mashine kulia kwa sindano. Utaona matundu madogo ya skrubu, mara nyingi mawili. Huenda yamejaa uchafu na mafuta yaliyoganda. Yasafishe kwa kijiti.

2. Weka rula chini ya sindano. Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, mpaka ncha ya sindano iguse mstari wa robo inchi. Ukingo wa rula uwe upande wa kulia.

3. Sogeza kielekezi mpaka ukingo wake uguse ukingo wa rula. Kaza skrubu kwa vidole.

4. Angalia kama kielekezi kimenyooka sambamba na njia ya meno yanayosukuma kitambaa. Kikiinama kuelekea sindano, kitambaa kitajikunja. Kikiinama kwenda nje, kitambaa kitatoroka.

5. Hakikisha ukingo unaanza mbele ya sindano, upande ulipokaa wewe. Kazi yake ni kunyoosha kitambaa kabla hakijafika kwenye sindano. Kikifika nyuma, kimechelewa.

Unaposhona, tazama ukingo wa kitambaa unavyogusa kielekezi, usitazame sindano. Kiguse tu, usikisukume. Ukisukuma, ukingo utapanda juu ya chuma na mshono utakuwa mpana.

Jaribio la vipande vitatu

Usiamini rula peke yake. Uzi una unene wake, na kitambaa kinapopigwa pasi na kulazwa upande hupoteza kidogo kwenye mkunjo. Ndiyo maana washonaji wengi wa viraka hushona robo inchi pungufu kidogo, kiasi cha unene wa uzi mmoja au miwili.

Kata vipande vitatu vya kitambaa kilekile utakachotumia, kila kimoja kiwe na upana wa inchi 1 na nusu na urefu kama wa kiganja. Viunganishe ubavu kwa ubavu. Piga pasi. Sasa pima kipande cha katikati. Kinatakiwa kuwa inchi 1 kamili, na vyote vitatu kwa pamoja inchi 3 na nusu.

Kipande cha katikati kikiwa chini ya inchi 1, mshono wako ni mpana. Sogeza kielekezi kuelekea sindano. Kikizidi inchi 1, sogeza nje. Sogeza kidogo sana, kisha rudia jaribio. Fundi mzoefu naye huweza kurudia mara mbili au tatu.

Kwa kikundi, hili ndilo jambo la kufanya kabla ya kugawana kazi. Kila mmoja alete vipande vyake vitatu alivyoshona kwenye mashine yake, vilazwe mezani pamoja na kupimwa kwa rula moja. Tepu za kupimia za zamani hunyumbuka, na tepu mbili zinaweza kutofautiana.

Mguu wenye fimbo, kwa kazi ya mwisho

Viraka vikishaunganishwa, unabaki na tabaka tatu za kushona pamoja: juu viraka, katikati pamba au sponji, chini kitambaa cha mgongo. Hapa kielekezi cha kitandani kiondoe. Sasa ni kazi ya mguu wenye fimbo. Ufupi wa mguu huo unausaidia kupanda juu ya unene bila kusukuma kitambaa mbele.

Kwanza piga bandi tabaka zote tatu kwa mkono, au zishikilie kwa pini. Chora mstari wa kwanza kwa kipande cha sabuni, katikati ya mfarishi. Ushone. Kisha weka fimbo umbali unaotaka kutoka kwenye sindano, tuseme inchi 2. Katika mstari wa pili, fimbo itembee juu ya mshono wa kwanza. Katika wa tatu, itembee juu ya wa pili. Mistari yote itakuwa sambamba bila kuchora tena.

Anza katikati na kwenda nje, upande mmoja kisha mwingine. Ukianzia ukingoni, kitambaa kilichozidi kitakusanyika katikati na kufanya mikunjo. Mguu ukikandamiza mno, legeza kidogo skrubu ya juu ya fimbo ya mguu kwa kuizungusha kinyume na mwendo wa saa.

Kwa kuunganisha viraka, mishono 10 hadi 12 kwa inchi inatosha. Kwa kushona tabaka tatu, iwe mirefu zaidi, 8 hadi 10 kwa inchi. Kama namba kwenye mashine zimefutika, shona mstari kwenye kitambaa cha majaribio, weka rula, uhesabu.

Kama huna kikopo

Mashine isiyo na matundu usiitoboe. Kitanda chake ni chuma cha kalibu na kinaweza kupasuka. Pima robo inchi kwa rula na sindano kama tulivyoeleza, kisha bandika plasta au utepe wa kunata tabaka kadhaa, moja juu ya nyingine, mpaka upate ukingo unaoweza kuhisiwa kwa kidole. Wengine hukata ukanda mwembamba wa ndala kuukuu na kuubandika. Utachakaa, utaubadilisha, lakini kazi inafanyika. Usifunike meno ya kusukuma kitambaa wala mahali pa kutolea bobini.

Mambo yanayoharibu kazi hata kielekezi kikiwepo

Kukata vibaya. Kielekezi hufuata ukingo. Ukingo uliopinda utatoa mshono uliopinda. Kata kwa rula ngumu au kiolezo cha karatasi nene, na kiolezo kiwe kimoja kwa kikundi kizima.

Kitambaa ambacho hakijafuliwa. Kitenge kipya kina wanga na kinaweza kurudi kikilowa. Fua, anika, piga pasi, ndipo ukate.

Sindano iliyopinda. Ilaze juu ya kioo. Ukiona mwanga chini yake hauko sawa, itupe. Sindano ikihama nusu milimita, vipimo vyako vyote vimehama nayo.

Skrubu iliyolegea. Cherehani ya pedeli inatikisika. Kagua kielekezi kila unapobadilisha bobini. Kikihama, rudia jaribio la vipande vitatu kabla ya kuendelea.

Ukimaliza kazi, rudisha vyuma kwenye kikopo chao pamoja na kitambaa kilichopakwa mafuta kidogo, na vile vipande vitatu vilivyopimwa sawa viweke humo humo. Siku mashine itakapohamishwa, au mwanao atakapoikalia, atakuwa na kipimo cha kuanzia.