Luteni Aliyeandika Akiwa Mlowezi: Kumsoma Upya Tom von Prince

Katika mijadala ya historia ya kijeshi ya Afrika Mashariki kuna dai linalopita bila kuhojiwa: kwamba ofisa akishavua magwanda na kujipatia kipato chake, huandika kwa uhuru, kwa kuwa hana tena mkubwa wa kumwogopa. Hapa International City, Dubai, ninakoandikia, dai hilo lina mashabiki. Wafanyabiashara wenzetu wanaokuja kujaza makontena kwenye soko la Dragon Mart huamini kwamba biashara humfungua mtu kinywa. Makala haya yanadai kinyume: biashara nayo ina amri zake.

Kuhusu mwenendo wa vita vya Wahehe na Wajerumani sina ugomvi na Redmayne (1968) wala Iliffe (1979). Kikosi cha Wajerumani chini ya Zelewski kiliangamizwa Lugalo Agosti 1891, ngome ya Wahehe ya Kalenga ikaanguka Oktoba 1894, na mtawala wao Mkwawa akajiua Julai 1898. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kukinukuu kitabu cha ofisa wa Kijerumani Tom von Prince, *Gegen Araber und Wahehe*, kana kwamba kiliandikwa na luteni kambini. Jina dogo la kitabu hicho linaahidi kumbukumbu za uluteni za 1890 hadi 1895, lakini kilitoka Berlin mwaka 1914. Kufikia hapo mwandishi alikuwa ameacha jeshi tangu 1900 na kuwa mwenye shamba kubwa Usambara. Shamba lenyewe aliliita Sakkarani. Waafrika walikuwa wamemwita Bwana Sakarani tangu enzi za vita, naye akaligeuza jina hilo la vitani kuwa jina la mali. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kuvitilia shaka vita vilivyompa jina, achilia mbali ardhi.

Tazama pia kitabu kinapoishia. Mwaka 1895 ndipo ilipotolewa amri ya kifalme ya kuifanya ardhi iliyodaiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola, na uchumi wa walowezi ukajengwa juu ya amri hiyo. Huenda ni sadfa tu. Lakini miaka inayoachwa nje ndiyo mizito zaidi: Prince anaanzisha kituo cha Iringa mwaka 1896, chakula cha Wahehe kinaharibiwa ili wasalimu amri kwa njaa, na kichwa cha Mkwawa kinawekewa zawadi ya rupia 5,000.

Nitaambiwa kwamba mkewe, Magdalene, alikwishaisimulia miaka ya Iringa katika kitabu chake cha 1903, na kwamba mume alikufa kabla ya kuandika juzuu la pili. Hoja ya kifo naikubali, ya mke siikubali: shajara ya mama wa nyumbani kituoni haiwezi kubeba hesabu ya kamanda. Nitaambiwa pia kwamba kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, ambaye hakuwa na shamba Afrika Mashariki, alijisifu vilevile katika kitabu chake cha 1920. Ni kweli, ila yeye alikuwa akilitetea jeshi lililoshindwa. Prince alikuwa akiitetea haki ya mlowezi kukaa alipokaa.

Moyd (2014) ameonyesha kwamba hata askari weusi wa jeshi la Wajerumani walipigana wakitazamia mifugo, wake na heshima ya kuwa na mji wao. Ajabu ni kwamba tunawadadisi wao kuhusu maslahi, kisha tunampokea ofisa wao kama shahidi asiye na lake jambo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi (Wajerumani) huko Mrima bila cheo wala shamba la kahawa, bado anawekwa kwenye rafu ya fasihi.

Agosti 1914 Prince alirudi vitani na kuongoza utekaji wa Taveta. Tarehe 4 Novemba aliuawa Tanga. Alikufa akiilinda nchi ambamo shamba lake lilikuwamo. Kitabu chake kisomwe sambamba na hati za ardhi za Usambara, si na ripoti za kijeshi pekee. Na maofisa wetu wastaafu wanaoandika leo wataje katika dibaji wanachomiliki.