Majina ya Kip-: saa, zizi na njaa katika majina ya wavulana wa Kikalenjin

Mwaka 1964, jijini Tokyo, Wilson Kiprugut alimaliza wa tatu katika mbio za mita 800 na kuipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki. Jina lililotangazwa uwanjani siku hiyo lilibeba kumbukumbu ya dhiki: Kiprugut ni mvulana aliyezaliwa wakati wa njaa.

Kwa kawaida Kip- humtambulisha mwana wa kiume, na Chep- au Jep- binti. Kinachofuata ni ushahidi wa siku ile mama alipojifungua.

Saa zilihesabiwa kwa jua na mifugo. Kipkoech alizaliwa kukipambazuka; Kipng'etich, ng'ombe wakitolewa kwenda malishoni; Kibet, mchana; Kiprotich, ng'ombe wakirejea zizini; Kiplagat, giza likiingia. Mahali napo palitajwa: Kipsang alizaliwa nje ya nyumba, Kipchoge karibu na ghala la nafaka. Hata hali ya uzazi haikusahaulika. Kipruto alimkuta mama safarini, Kiptoo alikuja pamoja na wageni, Kipchirchir hakumsumbua mama kwa uchungu mrefu, na Kiptanui alizaliwa hoi, akazimia kabla ya kuzinduka.

Jina la Kip- halikuwa jina pekee la mtoto. Kwa Wanandi, mojawapo ya jamii za Wakalenjin, na jirani zao, wanawake wazee waliyataja majina ya wahenga mmoja mmoja huku wakimtazama mtoto. Alipopiga chafya, ilieleweka kwamba mhenga aliyetajwa wakati huo ameitika, na mtoto akapewa jina lake. Pengine ugoro ulitumika kuiharakisha chafya hiyo.

Historia ya nchi nayo iliingia katika majina. Uingereza ilivunja upinzani wa Wanandi baada ya kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, kuuawa mwaka 1905. Wazungu wakakaa, wakajenga hospitali, na likaenea jina Kipchumba: mvulana aliyezaliwa karibu na Wazungu, au hospitalini kwao.

Zamani kijana aliyetoka jandoni aliingia utu uzima kwa jina la baba yake likitanguliwa na arap, yaani mwana wa. Jina la utotoni likarudi nyuma. Shule, kanisa na ofisi za serikali, hata hivyo, zilitaka jina lisilobadilika, na zikaongeza la ubatizo. Ndiyo maana Rais wa Kenya anaitwa William Kipchirchir Samoei arap Ruto: ubatizo, uzazi wa haraka na nasaba vimekaa pamoja.

Mpaka wa kikoloni haukuyakata majina haya. Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2012 jijini London, ni Msabei wa Uganda, ndugu wa Wakalenjin wa upande wa pili wa Mlima Elgon.

Siku hizi jina la Kip- hurithiwa hata na mabinti. Faith Chepng'etich Kipyegon, bingwa wa Olimpiki mara tatu wa mita 1,500, ana majina ya aina zote mbili. Chepng'etich ni lake mwenyewe, la asubuhi ya ng'ombe kwenda malishoni. Kipyegon, jina la kiume, ndilo linaloandikwa kwenye ubao wa matokeo.