Klabu ya Kampala na Barafu ya Rwenzori

Mwaka 1952 Joe Brown, kijana wa Manchester aliyejifunza ufundi bomba, alipanda Cenotaph Corner, kona ya mwamba wima huko Wales. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mchezo huo wa kupanda uliokuwa wa mabwana wenye nafasi ulianza kutwaliwa na vijana wa karakana, na ugumu wa njia ukawa ndio kipimo cha heshima. Uganda nayo ilikuwa na wapandaji wa Kiingereza miaka hiyo, ila hao walikuwa watu wa namna nyingine: maofisa wa serikali ya kikoloni na wahadhiri wa Makerere, waliokusanyika Kampala katika Klabu ya Milima ya Uganda. Mchango wao mkubwa haukuwa wa njia ngumu za miamba. Ulikuwa wa kujenga, kupima na kuandika.

Sifa ya kufika kileleni ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipanda vilele vikuu vya milima ya Rwenzori, kikiwemo Margherita cha mita 5,109, akavipa majina ya wafalme na wasafiri wa Ulaya. Wapandaji Shipton na Tilman walipita huko mwaka 1932. Waliokuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia walikuta milima yenye majina lakini isiyo na njia za uhakika wala pa kulala. Klabu ikajenga vibanda: Nyabitaba, kwenye mita 2,651, ambako siku ya kwanza ya safari huishia, Bujuku, ng'ambo ya vinamasi vinavyommeza mtu hadi magotini, na Elena, kwenye mita 4,541, chini kidogo ya barafu.

Mbao, mabati na misumari havikupanda vyenyewe. Vilibebwa na Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo, ambao kwao theluji ilikuwa makao ya mungu wao Kitasamba muda mrefu kabla ya Mzungu kuiona. Mpagazi alipanda na unga wake wa muhogo na samaki mkavu, akilala chini ya majabali. Jina la John Matte, msimamizi wa wapagazi, limehifadhiwa na kibanda kinachoitwa kwa jina lake. Wengine wengi wamebaki katika maandishi kama hesabu ya mizigo.

Kati ya Waingereza wa klabu, anayestahili kutazamwa kwa karibu ni Henry Osmaston. Alizaliwa India mwaka 1922 katika ukoo wa maofisa misitu, akaajiriwa na Idara ya Misitu Uganda mwaka 1949. Kazi yake ya mshahara ilikuwa misitu. Mpango wa matumizi ya Kibale na Itwara wa mwaka 1959 ni wa mkono wake. Likizo zake zilikwenda Rwenzori. Alipopanda, aliangalia pia matuta ya mawe na udongo yaliyosukumwa na barafu ya kale, akayachora ramani moja baada ya jingine. Kwa matuta hayo alionyesha kwamba barafu iliwahi kushuka mbali sana mabondeni. Mwanasayansi Daniel Livingstone alipochimba tope la ziwa Mahoma, lililo nyuma ya mojawapo ya matuta hayo, alipata umri wa takribani miaka 14,700 tangu barafu iondoke pale.

Makerere nako kulikuwa na kazi yake. Katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, wahadhiri wake wa jiografia, akiwemo J. B. Whittow, walianza kupima ncha za barafu za Speke na Elena. Walirudi mara kwa mara kulinganisha, na kwa jumla barafu ilikuwa ikirudi nyuma.

Siasa ilikuwa ikipanda mlima huohuo. Mwaka 1962 Isaya Mukirane na wafuasi wake walitangaza Rwenzururu kuwa nchi huru, wakikataa utawala wa Ufalme wa Toro. Mgogoro huo haukutulia hadi 1982. Osmaston aliondoka Uganda mwaka 1963, akafundisha Bristol, lakini hakuuacha mlima. Mwaka 1972 yeye na David Pasteur walitoa mwongozo wa Rwenzori, uliochapishwa kwa ushirikiano na klabu. Mwaka 1996 alikuwa miongoni mwa walioshiriki mkutano wa Makerere kuhusu Rwenzori, akahariri makala zake pamoja na wasomi wa Uganda. Alifariki mwaka 2006.

Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Kufikia 2003 haikufika hata 1. Ya maana iliyobaki iko Mlima Stanley. Baadhi ya mahali ambapo mwongozo wa 1972 humwelekeza mtu apite juu ya barafu, leo ni mwamba mtupu, na viongozi wa Kikonzo wamelazimika kuweka ngazi. Tangu 1987, kupitia chama chao cha huduma za mlima, wao wenyewe ndio wanaoongoza safari. Wanayo kumbukumbu ya barafu ambayo haijaingia kitabuni, ya baba na babu waliobeba mizigo ya klabu. Makerere ikiichukua na kuiweka kando ya vipimo vya Whittow na ramani za Osmaston, historia ya upandaji wa Uganda itakuwa imepata nusu yake ya pili.