Paneli za Mbao katika Takwimu za Burundi na Rwanda tangu 1962: Mipaka ya Ulinganisho

Utangulizi

Paneli za mbao, yaani plaiwudi, mbao za chembe na mbao za nyuzi, ni sehemu ndogo ya bidhaa zinazoagizwa na Burundi na Rwanda. Hata hivyo, ulinganisho wake una uzito wa kisera. Makala hii inahoji kwamba uagizaji unapopungua katika vitabu vya Bujumbura, upungufu huo hautoshi kuthibitisha kwamba nchi imejitosheleza kwa mbao.

Chimbuko moja, njia mbili

Sheria ya Ubelgiji ya 21 Agosti 1925 iliunganisha utawala wa Ruanda-Urundi na ule wa Kongo ya Kibelgiji. Kwa sababu hiyo, ulinganisho wa nchi hizi mbili hupata msingi baada ya uhuru wa 1 Julai 1962 tu. Na hata hapo, zilishirikiana benki moja ya kutoa fedha hadi 1964.

Njia nazo zilitofautiana. Tangu reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, shehena ya Dar es Salaam iliweza kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Usumbura, Bujumbura ya leo. Kigali ilielekea zaidi Mombasa kwa barabara kupitia Uganda. Paneli hujaza nafasi kubwa na huharibiwa na maji; kila zinapohamishwa kutoka behewa hadi meli, gharama na hasara huongezeka.

Miaka iliyokatika

Katika mchoro, anguko la Rwanda la 1994 na lile la Burundi la 1996 hadi 1999 yaweza kufanana. Sababu zake hazifanani. Rwanda ilikumbwa na mauaji ya kimbari. Burundi iliwekewa vikwazo na majirani zake baada ya mapinduzi ya Julai 1996, navyo vikasitishwa Januari 1999. Magendo yalipoziba sehemu ya pengo hilo, mzigo uliingia bila kuandikwa.

Nchi zote mbili zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na kuanza kutekeleza Umoja wa Forodha mwaka 2009. Baada ya mgogoro wa 2015, Burundi ilibanwa na uhaba wa fedha za kigeni. Mwagizaji aliyekosa dola hakuagiza, hata kama fundi alihitaji plaiwudi.

Vipimo

FAO huhesabu paneli kwa mita za ujazo. Forodha huandika kilo na thamani. Kwa kuwa uzito wa paneli hutofautiana kwa aina, kutumia kigezo kimoja cha kubadilishia hupotosha mfululizo. Isitoshe, kabati lililoundwa kwa mbao za chembe huandikwa chini ya samani, si chini ya paneli.

Hitimisho

Mshauri akidhani kwamba uagizaji mdogo ni ushahidi wa wingi wa mbao, ataona ukataji zaidi katika mashamba ya miti hauna madhara, na shinikizo litaifikia Kibira. Inafaa takwimu za Bujumbura zisomwe sambamba na kumbukumbu za mauzo ya Tanzania, Kenya na Uganda, upatikanaji wa fedha za kigeni, na uagizaji wa samani. Hapo ndipo uhaba utatofautishwa na utoshelevu.