Kabla Uniambie Mzee Lazima Azikwe Nyumbani, Sikia Hii ya Mfalme Aliyechemshwa

Sawa wasee, leo naongea kuhusu maiti. Kama unakula, maliza kwanza.

Mwaka jana babu yangu alifariki hapa Nairobi. Alikaa mochari siku 16. Si ati kulikuwa na uchunguzi, hapana. Familia ilikuwa inachanga pesa za kumpeleka Busia, na kila siku tukichanga, bili inaongezeka. Kwenye mkutano nikauliza tu, kwa heshima kabisa: mbona tusimzike Lang'ata, hapa alipoishi miaka 40? Baba mdogo akaniangalia. "Wewe chuo kilikushinda, mambo ya kuzika wazee utayaweza?"

Nikanyamaza. Lakini hilo swali halikunitoka, na vile mimi huwa, nikaanza kusoma. Nikajipata Ulaya ya zamani, kati ya Wakristo waliokuwa na shida ileile yetu: mtu amefia mbali, na watu wake wanataka azikwe kwao. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na friji wala formalini. Walikuwa na sufuria.

Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa alifariki tarehe 25 Agosti 1270, karibu na Tunis, akiwa kwenye vita vya msalaba. Ugonjwa ulikuwa umevamia kambi yote. Sasa fikiria: ni Agosti, ni Afrika Kaskazini, na kaburi la wafalme liko Saint-Denis, karibu na Paris. Wakamkatakata, wakamchemsha kwa maji na divai hadi nyama ikaachana na mifupa. Nyama na matumbo vikachukuliwa na ndugu yake Charles, aliyekuwa mfalme wa Sicily, vikazikwa Monreale. Mifupa ikasafirishwa kupitia Italia hadi Ufaransa, ikazikwa Mei 1271. Miezi 9, manze. Na mimi nalia kuhusu siku 16.

Hii haikuwa wazimu wa familia moja. Ilikuwa desturi, na ilikuwa na jina: desturi ya Wajerumani, kwa sababu wakuu wa Kijerumani walijulikana sana kwa kuifanya. Mfalme wao Frederick Barbarossa alipokufa maji mwaka 1190 akielekea Yerusalemu, nyama yake ilibaki Antiokia na mifupa ikaendelea na safari. Yerusalemu hawakufika.

Kabla ya kuwacheka, angalia njia nyingine zilikuwaje. Henry wa 1 wa Uingereza alifia Normandy Desemba 1135. Yeye hakuchemshwa. Walimtoa matumbo na ubongo, wakampaka chumvi nyingi, wakamfunga kwa ngozi za ng'ombe. Halafu upepo ukakataa, meli ikashindwa kuvuka, wakangoja wiki kadhaa pale Caen. Mwandishi wa wakati huo, Henry wa Huntingdon, anasema maji meusi yalikuwa yanapenya kwenye zile ngozi, na yule jamaa aliyelipwa vizuri apasue kichwa kwa shoka alikufa kwa sababu ya harufu. Akaongeza kwamba huyo ndiye mtu wa mwisho kati ya wengi ambao mfalme aliwaua. Huyo mwandishi alikuwa na mdomo, siwezi danganya.

Baba yake Henry ndiye aliyeniua kabisa. William Mshindi, aliyeteka Uingereza, alizikwa Caen mwaka 1087. Misa inaendelea, mzee mmoja anaitwa Ascelin anasimama mbele ya maaskofu wote anasema: hii ardhi ni ya baba yangu, huyu marehemu aliinyakua, sikubali azikwe hapa. Kesi ya shamba, katikati ya mazishi! Majirani wakathibitisha, na ikabidi alipwe shilingi 60 papo hapo kwa ajili ya kaburi peke yake. Kisha jeneza la mawe likawa fupi, wakamlazimisha mfalme kuingia, tumbo likapasuka. Mapadre wakamaliza ibada mbio mbio. Mimi nilidhani sisi ndio tulianzisha drama za matanga.

Lakini swali langu lilikuwa moja: kwa nini yote haya? Mwanzoni nilidhani ni mapenzi tu. Mapenzi yapo, ndiyo. Malkia Eleanor wa Castile alipofariki mwaka 1290, mumewe Edward wa 1 alijenga misalaba 12 ya mawe, kila mahali mwili ulipolala njiani kutoka Lincoln hadi London, na mitatu bado imesimama hadi leo. Lakini pia kaburi la mkubwa lilikuwa na faida. Penye mwili palikuwa na misa za kumwombea, na penye misa palikuja sadaka na heshima. Ndiyo maana Philip wa 4 alipotaka kuwapa Wadominiko wa Paris moyo wa baba yake, watawa wa Saint-Denis walipigana naye. Walitaka marehemu mzima. Mgawanyo ulikuwa kawaida kwa wakubwa: Richard, yule wa Moyo wa Simba, alipokufa mwaka 1199 matumbo yalibaki Châlus, mwili ukaenda Fontevraud, moyo ukaenda Rouen. Mabaki ya huo moyo yalipimwa na wanasayansi, wakatangaza matokeo mwaka 2013: kulikuwa na ubani, mnanaa, mihadasi na zebaki. Dawa na manukato ya mtakatifu, kwa mtu ambaye hakuwa mtakatifu hata kidogo.

Mwaka 1299 Papa Boniface wa 8 akasema imetosha. Akaandika barua kali kwamba kukatakata na kuchemsha Wakristo ni unyama, na atakayefanya hivyo ametengwa na Kanisa. Aliyekufa mbali azikwe hukohuko, mwili uoze wenyewe, mifupa ihamishwe baadaye. Sasa cheki hii: miaka 2 tu kabla, papa huyohuyo ndiye alimtangaza Louis kuwa mtakatifu. Yaani mifupa iliyokuwa inaheshimiwa kanisani ilikuwa imepitia sufuria.

Na kuna watu huandika ati barua hiyo ilipiga marufuku upasuaji wa maiti. Haikusema hivyo. Mwaka 1308 huko Montefalco, masista walimpasua mwenzao Chiara ili wauhifadhi mwili, wakasema wamekuta alama ya msalaba ndani ya moyo. Mwaka 1316 Mondino wa Bologna aliandika kitabu cha kufundishia upasuaji. Na wale wakubwa? Familia ya kifalme ya Ufaransa ilipata vibali kutoka kwa mapapa waliofuata. Marufuku ilibaki kwa wasio na namba ya simu ya papa.

Mtu wa kawaida alifungwa sanda, akalazwa kichwa magharibi ili siku ya ufufuo ainuke akitazama mashariki. Mara nyingi jeneza lilikuwa la parokia, la kumfikisha kaburini tu kisha linarudishwa. Miaka ikipita mifupa ilifukuliwa ikarundikwa na ya wengine kupisha wapya.

Kuna daktari wa mfalme Philip, Henri de Mondeville, aliyegawa maiti kwa makundi 3. Kwanza, maskini na wengine wanaozikwa ndani ya siku chache: hao karibu hawahitaji dawa yoyote. Pili, watu wa hadhi ya kati kama mashujaa wa farasi na mabwana wa ardhi. Tatu, wafalme, malkia na mapapa, wanaokaa siku nyingi uso ukiwa wazi watu wapite kuwaona.

Babu alikuwa fundi wa viatu pale Kariobangi. Alikaa siku 16, uso wazi, kijiji kizima cha Busia kikapita kumwona. Kwa hesabu ya Mondeville, tulimzika kama papa. Baba mdogo alilia siku hiyo hadi nikamshika mkono, na hatukuongea kuhusu Lang'ata tena.

Deni la mochari tulimaliza kulipa mwezi uliopita.